Madoa Meusi na ya Samawati Kwenye Mlango wa Kizazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanawake wa Tabora na Kigoma ambao, baada ya kuchunguzwa mlango wa kizazi, wameambiwa kwamba limeonekana doa jeusi, la kahawia au la samawati. Umeandikwa pia kwa ajili ya wauguzi na matabibu wa zahanati na vituo vya afya, ambao huenda wakakutana na doa la namna hiyo mara moja tu katika miaka yote ya utumishi wao. Msimamo wetu ni huu: madoa mengi ya aina hiyo hayana madhara yoyote, lakini rangi peke yake haitoshi kuthibitisha hivyo, na kwa hiyo doa jeusi lisichomwe wala kugandishwa kabla kinyama chake, yaani kipande kidogo kilichokatwa kwenye doa, hakijapimwa.

Nimeambiwa nina doa jeusi kwenye mlango wa kizazi. Je, ni saratani?

Kwa wanawake walio wengi, hapana. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na kwa makadirio ya mwaka 2020 iliwapata wanawake wapatao 10,000 nchini katika mwaka huo mmoja. Lakini saratani hiyo haianzi kwa weusi. Huanza na mabadiliko ya chembe ambayo jicho haliwezi kuyaona, na ndiyo sababu mhudumu hupaka siki maalumu, yaani asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, kisha husubiri kama dakika moja ili sehemu iliyobadilika igeuke kuwa nyeupe. Kinachotafutwa katika kipimo hicho ni weupe. Doa lililokuwa jeusi hata kabla siki haijapakwa ni habari nyingine kabisa, na kipimo cha siki hakikuundwa kulijibu.

Ipo saratani moja inayotokana na chembe zinazotengeneza rangi, nayo huitwa melanoma. Inaweza kuanzia kwenye mlango wa kizazi, ila visa vyake vilivyoandikwa katika majarida ya tiba ya dunia nzima ni vichache mno, na wengi wa waliopatwa walikuwa wamekwisha kukoma hedhi na walikuwa wakitokwa na damu. Uchache huo unapaswa kumtuliza mgonjwa. Hauna ruhusa ya kumfanya daktari aache kupima.

Mimi ni mweusi. Je, si kawaida kwa mlango wa kizazi wangu kuwa na weusi?

Mashavu ya uke na ngozi inayoyazunguka huwa meusi kwa wanawake wengi wa Kiafrika, tena mara nyingi kwa mabaka yasiyolingana, na hilo ni la kawaida. Mlango wa kizazi ni tofauti. Rangi yake ya kawaida ni ya waridi kwa mwanamke wa ngozi yoyote ile, na eneo la karibu na tundu lake huweza kuwa jekundu zaidi kwa wasichana, kwa wajawazito na kwa wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Doa jeusi lililosimama peke yake juu ya waridi hiyo linastahili kuandikwa kwenye kadi, hata kama mwenye nalo hana dalili yoyote.

Doa la namna hiyo linaweza kuwa nini?

Hapa ndipo penye mambo mengi, na msomaji atuvumilie, kwa sababu vitu vinavyoweza kuutia mlango wa kizazi weusi au usamawati havina asili moja.

Cha kwanza ni nevasi ya samawati. Katika ngozi ilielezwa na Max Tièche mwaka 1906, na mwaka 1959 mtafiti aitwaye Cid akaandika kuhusu melanini, yaani rangi ile ile inayoipa ngozi weusi, ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi. Ni mkusanyiko wa chembe nyembamba ndefu zilizojaa melanini, zilizolala chini ya utando wa juu, mara nyingi katika ukuta wa nyuma wa mfereji. Kwa kawaida huwa bapa, la milimita chache, ingawa yameelezwa yaliyofikia sentimita 2. Halina maumivu, halitoi damu, na kwa wanawake wengi hugunduliwa kwa bahati tu, pale kizazi kilichotolewa kwa sababu nyingine, kwa mfano uvimbe, kinapopasuliwa maabara. Usamawati wake hutokana na kina: melanini ni ya kahawia au nyeusi, lakini ikikaa chini ya utando, mwanga unaorudi kwa mtazamaji huwa na usamawati, kama masizi yaliyosuguliwa kwenye chale yanavyoonekana chini ya ngozi ya mtu mweupe.

Cha pili ni melanosisi, pamoja na lentigo iliyo jirani yake. Hapa melanini imeongezeka katika tabaka la chini la utando wenyewe wala haiko kwenye nyama iliyo chini, na kwa hiyo baka huonekana la kahawia au jeusi badala ya samawati, likiwa bapa na pengine na mipaka isiyo sawa. Hili nalo si saratani. Tatizo ni kwamba melanoma changa inaweza kufanana nalo kwa macho, na hakuna mzoefu, awe bingwa wa namna gani, anayepaswa kuapa kwa kutazama tu.

Cha tatu hakihusiani na chembe za rangi hata kidogo, nacho ni endometriosisi ya mlango wa kizazi, yaani utando unaofanana na ule wa ndani ya mji wa mimba kuota mahali pasipo pake. Kila mwezi hutoa damu kidogo inayobaki hapo hapo, na matokeo yake ni vidoa vya samawati, vyekundu vilivyokolea au vyeusi, vinavyoweza kuvimba au kutoa matone ya damu karibu na siku za hedhi. Hupatikana zaidi pale mlango wa kizazi uliwahi kujeruhiwa, kwa kujifungua, kwa kuchomwa au kwa kukatwa. Mwanamke akieleza kwamba hupata matone ya damu siku chache kabla ya hedhi kila mwezi, maelezo hayo yana thamani kubwa kwa anayemchunguza.

Vinafuata vile vinavyodanganya macho. Vivimbe vya Naboth, ambavyo ni vifuko vya ute vilivyozibwa na ambavyo wanawake wengi waliozaa wanavyo, huwa vya manjano au vyeupe, lakini kilicho ndani zaidi huweza kuonekana cha samawati. Damu iliyovilia baada ya jeraha huacha madini ya chuma yenye rangi ya kahawia. Iodini ya kipimo cha Lugol hupaka mlango wa kizazi rangi ya kahawia iliyokolea kwa muda. Dawa ya Monsel, inayotumika kuzuia damu baada ya kuchukua kinyama, huacha mabaki meusi, na fimbo ya nitreti ya fedha huacha alama ya kijivu au nyeusi. Kwa hiyo swali la kwanza la mhudumu liwe rahisi: je, mama huyu amepimwa, amechomwa au amepakwa kitu chochote siku za karibuni?

Chembe za rangi zimefikaje mahali ambapo jua halifiki?

Jua huzichochea chembe hizo, lakini si lenyewe lililozileta. Mtoto anapoumbika tumboni, chembe za rangi huanzia karibu na sehemu itakayokuwa uti wa mgongo, kisha husafiri kuelekea ngozini, machoni na kwingineko. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba baadhi yake husimama njiani na kubaki katika nyama ambazo hazikutarajiwa. Hakuna alichokula mama, alichofanya au alichorithi kwa laana ambacho kingeweza kuzuia au kusababisha jambo hilo.

Nina ujauzito, na nimeambiwa mlango wote wa kizazi umekuwa wa samawati. Je, nipimwe kinyama?

Usamawati ulioenea kote, usio na doa, ni ishara ya kawaida ya ujauzito. Husababishwa na damu kuongezeka katika mishipa ya sehemu hiyo, huanza kuonekana katika wiki za mwanzo, na huitwa ishara ya Chadwick kwa jina la daktari wa Marekani aliyeandika juu yake mwaka 1886. Haihitaji kinyama wala dawa. Kama kuna doa moja lenye mipaka yake juu ya usamawati huo, daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake ndiye anayepaswa kuamua kama lisubiri hadi baada ya kujifungua, kwa sababu mlango wa kizazi wa mjamzito hutoa damu nyingi ukikatwa.

Muuguzi alitaka kuligandisha doa siku ile ile. Je, alikosea?

Utaratibu wa kuchunguza na kutibu katika siku moja ni mzuri, na umewaokoa wanawake wengi ambao wasingerudi tena, hasa wanaotoka vijiji vya mbali vya Kaliua, Sikonge, Uvinza au Kibondo, ambako nauli ya kurudi kliniki inaweza kumaliza fedha ya wiki nzima. Utaratibu huo, hata hivyo, ulikusudiwa kwa mabaka yanayogeuka meupe kwa siki, yenye ukubwa na mahali panapofaa, na yasiyo na dalili ya saratani. Haukukusudiwa kwa doa jeusi.

Sababu ni mbili. Kwanza, kugandisha kwa gesi baridi au kuchoma kwa joto huua chembe bila kubakiza kitu cha kupelekwa maabara. Kama doa lilikuwa nevasi, mama amepata jeraha asilolihitaji, na kama lilikuwa melanoma, ushahidi umeharibiwa huku ugonjwa ukiweza kuendelea chini ya kovu. Pili, nevasi ya samawati hukaa chini ya utando na pengine ndani ya mfereji, ambako tiba hizo hazifiki vizuri, hivyo doa litabaki na mama atarudishwa kila mara kwa jambo lile lile. Muuguzi anayesema, "Hili sijawahi kuliona, naomba nikuandikie rufaa," amefanya kazi yake ipasavyo, na tunadhani anastahili kusifiwa kuliko yule aliyejitia ujasiri.

Je, kipimo cha Pap hakitoshi?

Hakitoshi. Kipimo hicho hukwangua chembe za juu ya utando, ilhali chembe za nevasi ziko chini yake. Jibu la Pap lililo safi halielezi doa ni nini. Hali kadhalika, kipimo cha HPV, yaani kirusi kinacholeta saratani ya kawaida ya mlango wa kizazi, hutafuta kirusi hicho tu, nacho hakisababishi madoa haya.

Kinyama huchukuliwaje, na kinauma kiasi gani?

Mama hulala kama alivyolala wakati wa kipimo cha siki, spekulamu, yaani kifaa cha kupanua uke, huwekwa, na daktari hukata kipande kidogo kwa koleo maalumu, akitumia kolposkopu pale kilipo ili aone kwa ukubwa zaidi. Wengi husema wamehisi kubanwa au kufinywa, pamoja na maumivu ya tumbo la chini yanayofanana na ya hedhi. Doa likiwa ndani ya mfereji, au likiwa na wasiwasi, daktari anaweza kuamua kuliondoa lote kwa waya wa umeme chini ya ganzi, jambo ambalo humpa mtaalamu wa maabara kipande kizima chenye mipaka yake.

Kwa siku chache baada ya hapo hutoka matone ya damu na uchafu wa kahawia au mweusi, ambao ni mabaki ya dawa ya Monsel. Asifanye tendo la ndoa wala kuweka kitu chochote ukeni mpaka damu ikome. Akitokwa na damu nyingi kuliko ya hedhi, akipata homa au uchafu wenye harufu mbaya, arudi hospitalini bila kusubiri tarehe.

Kwa nini majibu huchukua muda mrefu?

Kinyama hakipimwi siku hiyo hiyo kama malaria. Hulowekwa katika formalini, yaani dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10, kwa kiasi kisichopungua mara kumi ya ukubwa wa kipande, kisha hukaushwa maji, huwekwa katika nta, hukatwa vipande vyembamba mno na kupakwa rangi kabla ya kutazamwa kwa darubini. Wataalamu wa patholojia, yaani wanaosoma vinyama hivyo, ni wachache nchini. Mgonjwa aliyeanzia hospitali ya Kitete mjini Tabora au ya Maweni mjini Kigoma anaweza kukuta sampuli yake inahitaji kwenda hospitali kubwa zaidi, kama Bugando ya Mwanza au Muhimbili ya Dar es Salaam, hasa pale panapohitajika rangi za ziada. Rangi ya Fontana-Masson huonyesha melanini. Ya Perls huonyesha madini ya chuma, na kwa hiyo hutenganisha damu iliyovilia na chembe za rangi. Vipimo vya S-100 na HMB-45 huthibitisha kwamba chembe zenyewe ni za ukoo unaotengeneza melanini.

Ombi letu kwa matabibu ni kwamba fomu ijazwe kikamilifu. Mtaalamu aliye Mwanza haoni doa. Anaona kipande kilichopauka ndani ya kichupa. Asipoandikiwa kwamba kilitoka kwenye doa jeusi la ukubwa fulani, katika ukuta wa nyuma, kwa mama aliyewahi au ambaye hajawahi kuchomwa, anaweza kukata sehemu isiyo na doa na kuandika kwamba hakuna tatizo. Jibu la namna hiyo halimsaidii mtu.

Majibu yanasema ni nevasi ya samawati au melanosisi. Je, nitolewe kizazi?

Hapana. Hali hizi zikishathibitishwa hazihitaji upasuaji, dawa wala mionzi, na hazizuii kushika mimba, kubeba mimba wala kujifungua kwa njia ya kawaida. Kama daktari ameshaliondoa lote kwa ajili ya kupima, kazi imekwisha. Kama sehemu imebaki, inatosha kuiandika, kuipima kwa milimita na kuitazama tena katika uchunguzi unaofuata. Endometriosisi isiyo na dalili nayo huachwa. Yenye kusumbua kwa damu au maumivu hutibiwa kwa namna daktari atakavyoona inafaa.

Ni mambo gani yanafaa kuniharakisha hospitalini?

Damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya hedhi kukoma, doa linalokua au linaloinuka kuwa kinundu, kidonda juu ya doa, uchafu wenye harufu usiokwisha, au tezi zilizovimba kinenani. Daktari akishuku melanoma, atachunguza pia ngozi ya mwili mzima, na mama asishangae akiombwa avue viatu: kwa watu weusi melanoma ya ngozi hupenda nyayo na chini ya kucha, na doa la mlango wa kizazi huweza kuwa limetoka huko. Ikumbukwe pia kwamba melanoma nyingine hazina rangi nyeusi kabisa, hivyo damu isiyo ya kawaida ina uzito hata pasipo doa lolote.

Je, linaweza kuwa kichocho?

Swali hili ni zuri kwa watu wa mikoa yetu, ambako wanawake wengi huingia majini kwa kulima majaruba ya mpunga, kuchota na kufua. Kichocho cha mkojo huweza kuathiri mlango wa kizazi, lakini alama zake kwa kawaida ni mabaka ya manjano yenye chembechembe zinazofanana na mchanga, pamoja na mishipa ya damu isiyo ya kawaida. Si doa jeusi wala la samawati. Aliye na mabaka hayo ya manjano hutibiwa kwa prazikwanteli, na inafaa achunguzwe kwa makini kwa sababu mabaka hayo huchanganywa kirahisi na magonjwa ya zinaa na hata na saratani.

Mume wangu anasema nimeleta ugonjwa wa zinaa. Nimjibu nini?

Mwambie, ikiwezekana mbele ya mhudumu, kwamba madoa haya hayaambukizi, hayatokani na tendo la ndoa na hayasemi lolote kuhusu mwenendo wa mtu. Masundosundo ndiyo yanayoletwa na virusi, nayo huota kama vinyama. Mume akialikwa kliniki na kuelezwa kwa heshima, mara nyingi ugomvi huishia hapo hapo.

Mganga amenipa dawa ya kuweka ukeni ili doa lisafike. Niitumie?

Usiitumie. Hakuna dawa ya kuweka ukeni, iwe ya mizizi, ya unga au ya dukani, inayoondoa melanini iliyo chini ya utando. Kinachoweza kutokea ni kuungua, maambukizi na makovu, na kovu hilo litamfanya daktari ashindwe kutambua doa la mwanzo. Kama umeshaitumia, sema wazi unapochunguzwa. Hakuna anayestahili kukukaripia kwa hilo.

Doa langu si saratani. Je, niendelee na uchunguzi wa kawaida, na binti yangu achanjwe?

Ndiyo kwa yote mawili. Doa lisilo na madhara halimkingi mtu na saratani ya kawaida ya mlango wa kizazi. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze kuchunguzwa wakiwa na miaka 30, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI waanze wakiwa na miaka 25 na warudi mara nyingi zaidi. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 hutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Baada ya haya yote, nitunze karatasi gani?

Tunza nakala ya majibu ya patholojia, si kadi ya kliniki peke yake. Hakikisha ina namba ya sampuli, tarehe, na maelezo ya mahali doa lilipokuwa. Ukihamia Nzega au Kasulu na kuchunguzwa na mtu mwingine, mwonyeshe karatasi hiyo kabla hajaweka spekulamu. Ikipotea, namba ya sampuli iliyoandikwa nyuma ya kadi inaweza kuisaidia maabara kutafuta majibu ya zamani katika kumbukumbu zake.